Uungwana Ndani ya Uzio

Liko swali ambalo huonekana dogo mpaka mtu alitie mkononi na kulipima uzito wake: je, mtu aweza kuwa mwungwana nusu? Yaani, aweza kuwa mwaminifu kamili mbele ya wenzake wa hadhi moja, na papo hapo asione deni lolote la utu kwa yule asimamaye nje ya lango? Aghalabu swali hili huulizwa juu ya siasa, au dini, au biashara. Sisi tumependa kuliuliza juu ya mchezo. Tena si kandanda ichezwayo na kila mtoto mwenye miguu, bali gofu, na hasa gofu ya mlimani, ichezwayo mahali pa kupendeza palipozungushiwa uzio na kuwekewa ada isiyofikiwa na mtu wa kawaida.

Huenda msomaji akashangaa. Utamaduni wa taifa na gofu, wapi na wapi? Jibu letu ni kwamba utamaduni si ngoma na methali peke yake. Utamaduni ni pamoja na yale tunayoyafanya juu ya vitu tulivyovirithi bila kuviomba na vitu tulivyoviazima kwa hiari. Mwalimu Nyerere alipotangaza kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa mwezi Desemba 1962, alisikitika kwamba wasomi wa wakati ule walizijua dansi za Ulaya kuliko ngoma za makwao. Lakini katika hotuba hiyo hiyo alikataa pia wazo la taifa kujifungia na kutojifunza lolote kwa wengine. Basi kazi ya mwenye utamaduni ni kupepeta. Achukue punje, aache makapi, na aweze kusema kwa nini hii ni punje na yale ni makapi.

Gofu ni kitu kinachostahili kupepetwa hivyo. Arusha na Moshi, chini ya milima yetu wenyewe, viko viwanja vya gofu vya asili ya kikoloni, na mtoto aendaye shule huviona. Macho hayana pazia. Huona majani yaliyokatwa yakalingana, huona mtu mmoja akipiga mpira mdogo na mwingine akimbebea mfuko, naye huchukua fundisho moyoni, ama tumemfundisha ama hatukumfundisha. Ni afadhali basi fundisho hilo tulizungumze waziwazi.

Tuchukue mfano mmoja ulio maarufu, kutoka kwa jirani zetu. Mlima Kenya una urefu wa mita 5,199, nao ni wa pili kwa urefu katika Afrika baada ya Kilimanjaro. Wakikuyu huuita Kirinyaga, na katika imani yao ya asili ndiko yaliko makao ya Ngai. Wazee walipoomba walielekeza nyuso zao huko. Kwenye miteremko yake, karibu na mji wa Nanyuki, iko klabu iliyoanzishwa mwaka 1959 na mwigizaji wa sinema wa Marekani, William Holden, pamoja na washirika wake, mahali palipokuwa zamani na hoteli iliyoitwa Mawingo. Ilianza kuwa makao ya wanachama, watu wenye majina na mali kutoka nchi za mbali. Baadaye ikawa hoteli, na mgeni yeyote awezaye kulipa hupokewa. Mstari wa Ikweta hupita katika eneo lake, na humo mna kiwanja cha gofu.

Mchezaji wa huko hupenda kutoka asubuhi, kwa kuwa mlima hujionyesha mapema na kujifunika mawingu jua linapopanda. Mahali penyewe ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, hata mpira huruka mbali kuliko urukavyo Tanga au Mombasa, na mgeni aliyezoea pwani huona mahesabu yake yote yamempotea. Akiinua macho atauona mlima umesimama, na juu kabisa vilele vya Batian na Nelion. Kisha huyainamisha macho kwenye kijimpira kisichofika hata ukubwa wa limau, na kwa muda ule dunia nzima humfinyia ikawa shimo moja lililo mbele yake.

Hatuna haja ya kujifanya kwamba jambo hili si zuri. Anayesema kuwa mtu atembeaye juu ya majani yenye umande, mbele ya mlima kama ule, haoni raha ya kweli, anasema uongo kwa ajili ya siasa. Na siasa iliyo njema haihitaji uongo. Raha ile ni ya kweli. Swali letu ni jingine: raha hiyo inamfunza nini yule anayeionja, na inamwachia nini yule asiyeionja?

Tuangalie kwanza fundisho la mchezo wenyewe, maana humo ndimo ilimo punje. Katika kandanda yuko mwamuzi mwenye filimbi, na wachezaji wengi huona si vibaya kumdanganya akiwa amegeuka. Katika gofu, kwa kawaida, hakuna mwamuzi anayemfuata mchezaji hatua kwa hatua. Mpira ukiangukia nyasi ndefu nyuma ya miti, anayeuona ni yeye. Akiugusa kwa bahati mbaya ukasogea upana wa kidole, anayejua ni yeye. Na kanuni husema kwamba yeye mwenyewe ndiye wa kujishtaki, kujihukumu, na kujiandikia mkwaju wa adhabu katika kadi yake.

Mfano mashuhuri ni wa Bobby Jones, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa mchezo huu katika miaka ya 1920. Mwaka 1925, katika mashindano makuu ya wazi ya nchi yake, yaliyofanyika Worcester katika jimbo la Massachusetts, aliona mpira wake umesogea kidogo alipokuwa anajiandaa kuupiga. Wengine hawakuona. Wasimamizi walimwuliza, watazamaji wakaulizwa, wala hakupatikana shahidi. Yeye akashikilia kwamba umesogea, akajitoza mkwaju mmoja. Mwisho wa mashindano alijikuta amelingana na Willie Macfarlane. Ikabidi warudiane, na Jones akashindwa. Bila mkwaju ule aliojitoza angalishinda moja kwa moja. Watu walipomsifu hakuzipokea sifa zao. Inasimuliwa kwamba aliona ni sawa na kumsifu mtu kwa kuwa hakuiba benki.

Hili, ndugu msomaji, ni jambo kubwa. Walimu wanaosoma makala haya wanaujua ukumbi wa mtihani, na wanafunzi wanaujua zaidi. Wanajua jinsi msimamizi awezavyo kugeukia dirishani, na kikaratasi kiwezavyo kuwa mfukoni. Mwanafunzi wakati ule ni kama mchezaji nyuma ya miti: hakuna aonaye ila yeye. Mtumishi wa umma naye, aachiwaye funguo za stoo na daftari la mapokezi jioni wenzake wakiwa wameondoka, yuko nyuma ya miti hiyo hiyo. Taifa haliwezi kumwekea kila mtu mlinzi, na kama lingeweza, nani angewalinda walinzi? Mwisho wa yote taifa husimama juu ya watu wanaojiandikia adhabu katika kadi zao wenyewe. Ikiwa upo mchezo unaomzoeza mtu tabia hiyo, basi tuuheshimu kwa hilo bila choyo.

Lakini hapa ndipo swali letu la mwanzo linaporudi. Bobby Jones huyo huyo, pamoja na Clifford Roberts, ndiye aliyeanzisha klabu ya Augusta katika jimbo la Georgia, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kuanza mashindano yake mashuhuri mwaka 1934. Katika kiwanja hicho waliobeba mifuko wakati wa mashindano walikuwa watu weusi, na ndivyo ilivyokuwa mpaka mwanzo wa miaka ya 1980. Mchezaji wa kwanza mweusi kushiriki mashindano hayo, Lee Elder, aliingia mwaka 1975. Mwanachama wa kwanza mweusi alipokelewa mwaka 1990, na wanawake wa kwanza mwaka 2012. Chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani nacho kilikuwa na kifungu katika katiba yake, tangu mwaka 1934 hadi 1961, kilichoruhusu uanachama kwa watu weupe tu. Fikirini basi: watu walioona ni aibu kubwa kunyamazia mpira uliosogea upana wa kidole, waliweza kwa muda mrefu kunyamazia ukuta mzima uliosimama kati yao na yule aliyewachukulia fimbo.

Afrika ya Kusini ilitoa mfano mchungu zaidi. Sewsunker Sewgolum, aliyejulikana kwa jina la Papwa, alikuwa Mhindi wa Durban, mtoto wa maskini aliyeanzia kazi ya kubeba mifuko ya wachezaji, yaani kazi ya kedi. Alijifundisha mwenyewe, na alishika fimbo kinyume na mafundisho yote, mkono wa kushoto chini ya ule wa kulia. Mwaka 1959 alikwenda Uholanzi akashinda mashindano ya wazi ya nchi hiyo, akayashinda tena mwaka 1960 na 1964. Mwaka 1963 alishinda mashindano ya Natal, nyumbani kwao, katika klabu ya wazungu ya Durban. Kwa sheria na desturi za ubaguzi hakuweza kuingia katika jengo la klabu pamoja na wale aliowashinda. Alikabidhiwa kombe nje, mvua ikimnyeshea, na picha ile ikaenea duniani. Waliokuwa ndani bila shaka walikuwa wameandika kadi zao kwa uaminifu siku ile. Hakuna aliyeiba mkwaju hata mmoja. Ila kitu kikubwa kuliko mkwaju kilikuwa kimeibwa, wala hapakuwa na mahali pa kukiandika katika kadi.

Turudi sasa Nanyuki, tutazame ardhi ambayo juu yake mpira unaruka. Mji huo umo katika Laikipia. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilifanya mapatano na viongozi wa Wamaasai, wakahamishwa kutoka sehemu za Bonde la Ufa, baadhi wakapelekwa Laikipia kaskazini na wengine kusini, kwa ahadi kwamba maeneo yale yatakuwa yao maadamu kabila lao lipo duniani. Katika mwaka 1906 klabu ya gofu ilianzishwa Nairobi. Mwaka 1911 yakaletwa mapatano mengine, na Wamaasai wa Laikipia wakaondolewa nao kupelekwa kusini, ili walowezi wapate ardhi. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, kesi yao ilitupwa kwa hoja kwamba mapatano yale yalikuwa mkataba kati ya dola mbili, ambao mahakama ya kawaida haiwezi kuuamua. Kwa hiyo ahadi ya milele iliishi miaka 7.

Hatusemi kwamba waliovunja ahadi ile na waliocheza gofu Nairobi walikuwa watu wale wale. Tunasema kwamba walitoka katika malezi mamoja, malezi yaliyosifu sana neno la mwungwana. Na neno la mwungwana lilitimizwa kiwanjani, likavunjwa Laikipia. Tena, ili msomaji aone jinsi historia isivyokosa kinaya, kilele kile cha Batian kilipewa jina hilo na Halford Mackinder, Mwingereza aliyekuwa wa kwanza kukifikia mwaka 1899, kwa kumbukumbu ya Mbatiany, oloiboni mkuu wa Wamaasai. Jina likaachwa juu ya jiwe na barafu. Wenye jina wakaondolewa chini yake.

Jambo la pili ni maji. Majani mabichi wakati wa kiangazi hayawi mabichi kwa dua. Mito itokayo Mlima Kenya upande wa magharibi na kaskazini huingia katika Ewaso Ng'iro, uteremkao kupita Samburu na Isiolo kuelekea kinamasi cha Lorian, katika nchi ya wafugaji. Katika miezi ya ukame mto huu umepata kukauka katika sehemu zake za chini. Si haki kuutupa mzigo wote kwa kiwanja kimoja cha gofu; wanaochota maji yale ni wengi, mashamba makubwa na madogo, wakulima wa maua na mboga, na miji inayokua. Lakini ndiyo maana tunasema kwamba uungwana wa kweli una hesabu ndefu kuliko kadi ya mikwaju. Yuko mtu chini ya mto ambaye mchezaji hatamwona maisha yake yote, naye anahusika na kila tone linalomwagwa juu. Kama mtu ameweza kujitoza adhabu kwa mpira ambao hakuna mwingine aliyeuona ukisogea, kwa nini asijihesabie deni kwa mtu ambaye hakuna anayemwona akiteka maji?

Kufika hapa yawezekana msomaji kijana akasema: basi uzio wote uvunjwe, na kila kiwanja kiwe malisho. Tusifanye haraka. Mwenye kutetea uzio ana hoja, na hoja ya mtu haijibiwi kwa kelele. Atasema kwamba kitu kizuri kikiachwa wazi kwa wote huharibiwa na wote. Kwamba mlima wenyewe umewekewa mipaka ya hifadhi ya taifa tangu mwaka 1949, na hakuna mzalendo anayelalamika. Na kwamba wazee wetu nao walikuwa na mahali pasipoingiwa ovyo. Hoja hii ya mwisho ina nguvu. Wamijikenda wa pwani ya Kenya wana misitu yao ya kaya, ambamo mtu haingii apendavyo, wala hakati mti, wala haendi bila kufuata masharti ya wazee. Kwa sababu ya masharti hayo misitu ile imesalia wakati misitu mingine ya pwani imekwisha, na mwaka 2008 baadhi yake iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Ule nao ni uzio, ijapokuwa hauna waya.

Basi si kila uzio ni dhambi. Inatupasa tupate kipimo cha kutenganisha uzio na uzio, na sisi tunapendekeza maswali matatu.

Swali la kwanza: uzio huu unalinda kitu, au unalinda cheo? Uzio wa kaya unalinda msitu. Ukiuondoa, msitu utakwisha. Uzio wa klabu iliyomwacha Sewgolum mvuani haukulinda jani hata moja. Majani yangalibaki mabichi vile vile kama angaliingia kukaa na wenzake na kunywa chai. Kilicholindwa kilikuwa wazo la baadhi ya watu kwamba wao ni bora.

Swali la pili: je, sharti ni moja kwa wote? Katika kaya, mzee na kijana, tajiri na maskini, wote hufungwa na mwiko. Na mzee huweza kufungwa zaidi, kwa kuwa yeye ndiye mtunzaji. Mahali ambapo mwiko huyeyuka mbele ya mkoba wa fedha, hapo hapana mwiko, pana bei tu. Nasi tusijidanganye kwamba bei haibagui kwa sababu haitaji rangi ya mtu. Lango lililofunguliwa kwa sheria laweza kufungwa tena kwa ada, na anayebaki nje akawa yule yule mjukuu wa aliyeondolewa.

Swali la tatu: aliye nje ana fungu gani? Je, anapata njia, maji, kazi yenye ujira wa haki, na heshima ya kuitwa kwa jina lake? Tumtazame kedi. Yeye hukijua kiwanja kuliko mwanachama. Anajua upepo utokao mlimani saa nne, anajua mteremko usioonekana kwa macho, na ushauri wake mara nyingi ndio unaomwokoa mchezaji. Wengi waliokuja kuwa wachezaji hodari katika Afrika walianza hivyo, kwa kubeba mfuko na kutazama. Mchezaji anayeupokea ushauri wa kedi kwenye shimo la kumi na saba, kisha akampita barabarani jioni kana kwamba hamjui, ameshindwa mchezo, hata kama kadi yake inaonyesha ushindi.

Na asije mtu akatuambia kwamba gofu haiwezi kuwa vinginevyo. Huko Uskochi ilikozaliwa, ulikuwa mchezo wa kupendwa kiasi kwamba mwaka 1457 bunge la nchi hiyo liliupiga marufuku pamoja na kandanda, kwa kuwa uliwatoa watu katika mazoezi ya upinde. Katika mji wa St Andrews, hati ya askofu mkuu ya mwaka 1552 iliitambua haki ya wenyeji kuitumia ardhi ya pwani yao kwa malisho na kwa michezo, gofu ikiwamo. Mwishoni mwa karne ya 18 mji ulifilisika, ardhi ile ikauzwa na kugeuzwa mahali pa kufugia sungura. Ukazuka ugomvi mrefu mpaka ilipookolewa tena kwa ajili ya wachezaji mwaka 1821, na baadaye ikawa mikononi mwa umma. Leo kiwanja kile cha kale, kinachoheshimiwa kuliko vyote duniani, ni cha umma. Kwa kawaida siku ya Jumapili hakichezwi, na watu wa mji hutembea humo na watoto wao. Majani hayakufa. Wala utukufu wa mahali haukupungua kwa kukanyagwa na mama aliyebeba mtoto.

Sisi Watanzania, tunapoyasema haya, hatumnyoshei jirani kidole. Tumebahatika kwamba suala la ardhi lilizungumzwa mapema kwetu. Mwalimu aliandika juu yake mwaka 1958, katika kijitabu chake Mali ya Taifa, akipinga ardhi kugeuzwa bidhaa ya kumilikiwa milele na mtu binafsi. Mwaka 1963 umilikaji wa namna hiyo uliondolewa kwa sheria, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeshikilia kwamba ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Lakini sheria njema haitoshi ikiwa mioyo inajenga uzio usiku. Tunazo hoteli za pwani ambako kijana wa kijijini huulizwa anakwenda wapi ufukweni alikozaliwa. Tunazo ofisi ambamo mwananchi husimama dirishani saa mbili huku mwenye gari akipitia mlango wa nyuma. Hizo nazo ni viwanja vyetu, na kadi zake hazijaandikwa sawasawa.

Tunao pia mfano mwema wa kwetu wa mchezo wa mashimo, uliotangulia mashimo 18 ya wageni. Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Huchezwa barazani au chini ya mwembe, na mpita njia ana ruhusa ya kusimama, kutazama, na hata kutoa ushauri usioombwa. Mvuvi humfunga karani, na karani huondoka akicheka. Hodari hupata heshima ya hodari bila kuulizwa mshahara wake. Bao lina adabu yake kali: kete hazirudishwi zikishatakwa, na mwenye kudanganya katika kuhesabu hukosa wa kucheza naye. Ila adabu hiyo inalindwa na macho ya watu wote, si na kuta. Hapo gofu ina la kutufundisha, maana bao linatuzoeza uaminifu mbele za watu, na gofu inatuzoeza uaminifu peke yetu. Na bao lina la kuifundisha gofu, kwamba mchezo hauchafuki kwa kuonwa na maskini. Mtu aliyekamilika angekuwa na yote mawili, dhamiri ya mchezaji aliye nyuma ya miti na ukunjufu wa mchezaji aliye chini ya mwembe.

Kwa kuwa sisi ni watu wa mashairi, tuliona vema fikra hii tuifunge katika ubeti mmoja, ili mwanafunzi apate kuubeba kwa wepesi kuliko makala nzima:

Mlima haukuomba, uzio wala mlinzi,
Wa chini na wa kutamba, wote huwapa mapenzi,
Wingu nalo likifumba, hufumbia kila mwenzi,
Kama uzio ni wetu, na ufunguo ni wetu.

Sasa tulijibu swali tuliloanza nalo. Je, mtu aweza kuwa mwungwana nusu? Tunaona kwamba aweza kuwa na adabu nusu, maana adabu ni mapatano ya kundi, na kundi laweza kuwa dogo kadiri lipendavyo. Wezi nao wana adabu zao wanapogawana. Lakini uungwana, kwa maana ya utu, haugawanyiki hivyo. Uaminifu unaoishia langoni ni kanuni ya mchezo tu. Unaanza kuwa utu siku unapovuka lango ukamfuata mtu nje, ukamwuliza juu ya ardhi aliyoikanyaga, maji aliyoyatumia na mtu aliyembebea mzigo. Bobby Jones alikuwa na haki kukataa sifa kwa kutoiba. Sifa huanza mbele zaidi ya hapo, pale mtu anapokiona kilichoibwa kabla yake, ambacho yeye anafaidi bila kukiiba, akakiandika katika kadi yake.

Mwalimu atakayesoma haya pamoja na wanafunzi wake asiwape jibu letu kama hesabu iliyokwisha kufanywa. Awatoe nje, awaonyeshe uzio wa shule yao wenyewe, kwa kuwa shule nayo ni mahali walipoingia wachache kati ya wengi waliotamani. Kisha awaulize yale maswali matatu: uzio huu unalinda kitu au cheo, sharti lake ni moja kwa wote, na yule mtoto wa rika lenu anayechunga mbuzi upande wa pili ana fungu gani katika elimu mnayoipata humu?